Imam Ghazali: Mwanachuoni aliyepoteza sauti akatafuta utulivu wa moyo

Mwezi wa Julai mwaka 1095, mjini Baghdad, mwalimu mwenye jina kubwa kuliko wote katika mji huo alishindwa kufundisha. Wanafunzi walikuwa wamekaa wakimsubiri. Alijilazimisha kusema japo somo la siku moja ili kuwaridhisha, lakini ulimi haukutoa hata neno. Siku zilizofuata chakula nacho kilimshinda. Hakuweza kumeza hata mchuzi, na mwili ukaanza kudhoofika.

Mtu huyo alikuwa Abu Hamid Muhammad al-Ghazali, ambaye Waislamu wa Afrika Mashariki wanamfahamu zaidi kwa jina la Imam Ghazali. Amefariki zaidi ya miaka 900 iliyopita, na vitabu vyake bado vinasomwa. Wengi wanamjua kama mwanachuoni wa dini na mkosoaji wa wanafalsafa. Wachache wanajua kwamba aliwahi kuugua ugonjwa ambao leo tungeuhusisha na afya ya akili, na kwamba yeye mwenyewe aliuandika bila kuficha.

Makala hii inaeleza maisha yake, jinsi alivyougua, jinsi alivyopata nafuu, na alivyofundisha kuhusu imani, moyo na dawa.

Yatima wa mji wa Tus

Ghazali alizaliwa mwaka 1058 huko Tus, katika eneo la Khorasan, ambalo leo liko kaskazini mashariki mwa Iran. Inasimuliwa kwamba baba yake alikuwa maskini aliyesokota na kuuza sufi, na kwamba hakuwa amesoma. Alipenda kukaa karibu na wanavyuoni na kuwasikiliza, akitamani watoto wake wapate alichokikosa yeye.

Baba huyo alifariki watoto wakiwa bado wadogo. Kabla ya kufa aliwakabidhi Abu Hamid na mdogo wake Ahmad kwa rafiki yake mmoja, mcha Mungu wa njia ya Kisufi, pamoja na akiba ndogo aliyokuwa nayo. Akiba ilipokwisha, rafiki yule, ambaye naye hakuwa na kitu, aliwashauri waingie madrasa ambako wanafunzi walipewa chakula. Kwa hiyo Ghazali aliingia shuleni kwanza kwa sababu ya njaa, jambo ambalo alilikumbuka hata alipokuwa mtu mzima.

Alikuwa na akili kali. Alisoma Tus, kisha akaenda Jurjan kwa mwalimu mwingine. Kuna kisa kinachosimuliwa kuhusu safari yake ya kurudi. Wanyang'anyi waliuvamia msafara wao na kuchukua kila kitu, ukiwemo mfuko wenye daftari zake za masomo. Kijana Ghazali aliwafuata akimsihi mkuu wao amrudishie daftari tu, kwa kuwa ndimo ilimokuwa elimu yake yote. Mkuu wa wanyang'anyi alicheka, akamuuliza ni elimu gani hiyo ambayo mwizi anaweza kuichukua na mwenyewe akabaki mtupu. Alimrudishia mfuko wake. Inasemekana Ghazali alirudi nyumbani, akakaa miaka 3 akihifadhi kichwani kila alichokuwa ameandika.

Baadaye alikwenda Nishapur kwa al-Juwayni, mwanachuoni mkubwa wa wakati ule, na akabaki karibu naye mpaka mwalimu huyo alipofariki mwaka 1085.

Cheo kikubwa akiwa na miaka 33

Baada ya kifo cha mwalimu wake, Ghazali alijiunga na baraza la Nizam al-Mulk, waziri mkuu wa dola ya Waseljuki. Waziri huyo alikuwa amejenga shule kubwa katika miji mbalimbali, zikiitwa Nizamiyya kwa jina lake. Mwaka 1091 alimteua Ghazali kuongoza masomo katika Nizamiyya ya Baghdad. Alikuwa na umri wa miaka 33 tu.

Huko Baghdad alifundisha wanafunzi wapatao 300. Alikuwa na mali, mavazi mazuri na heshima ya watawala. Akimaliza kufundisha na kuandika, alisoma vitabu vya falsafa peke yake bila mwalimu. Katika chini ya miaka 2 alikuwa ameielewa, kisha akaandika kitabu cha kuwajibu wanafalsafa ambacho bado kinajadiliwa hadi leo.

Mambo ya dola hayakuwa shwari. Mwaka 1092 Nizam al-Mulk aliuawa kwa kuchomwa kisu, na wiki chache baadaye Sultani Malik Shah naye akafariki. Vita vya kugombea ufalme vikaanza. Watu waliokuwa na nguvu jana walipoteza kila kitu kwa siku moja.

Ghazali alikuwa ameshawahi kupita katika giza la aina nyingine. Alipokuwa akitafuta ukweli usio na shaka, alianza kutilia shaka hata macho yake. Aliona kwamba kivuli kinaonekana kimesimama, kumbe kinasogea kidogo kidogo. Nyota inaonekana ndogo kama sarafu, kumbe hesabu zinaonyesha ni kubwa kuliko dunia. Ikiwa macho yanadanganya, akili nayo itaaminiwaje? Hali hiyo ilimshika kwa karibu miezi 2. Aliieleza kuwa ni ugonjwa, na akasema kwamba hakupona kwa kupanga hoja. Alipona kwa nuru ambayo Mungu aliitia moyoni mwake.

Miezi sita ya kuvutana na nafsi

Ugonjwa wa mwaka 1095 ulikuwa mzito zaidi. Ulianza kwa swali alilojiuliza kuhusu kazi yake. Anafundisha kwa ajili ya nani? Alipojichunguza kwa unyofu, aliona kwamba kilichokuwa kinamsukuma ni kutafuta jina na sifa. Alijiona kama mtu aliyesimama kwenye ukingo wa korongo, na udongo chini ya miguu yake unamomonyoka.

Kwa karibu miezi 6 alivutana na nafsi yake. Siku moja aliamua kuacha kazi na kuondoka Baghdad, na siku iliyofuata akaahirisha. Asubuhi alikuwa na nia ya kweli ya kutafuta akhera, na jioni tamaa ya cheo ilikuja na kuivunja nia ile. Upande mmoja wa nafsi ulimwambia safari imekaribia na umri uliobaki ni mfupi. Upande mwingine ulimwambia hali hii itapita, na kwamba akiacha cheo kile hatakipata tena.

Mwishowe mwili ulikata shauri kabla yake, ndipo sauti ikapotea, na hamu ya kula pamoja na nguvu vikafuata.

Matabibu waliitwa. Baghdad ya wakati huo ilikuwa na hospitali kubwa na madaktari waliosifika, kwa hiyo Ghazali hakukosa tiba. Walimpima na kumtibu, kisha wakakata tamaa. Walieleza kwamba maradhi yameanzia moyoni na kutoka huko yameenea mwilini, hivyo hakuna dawa itakayofaa mpaka moyo upumzike na jambo linalomsumbua liondoke.

Matabibu wale walikuwa wameona jambo ambalo wahudumu wa afya wa leo wanalithibitisha. Huzuni nzito na wasiwasi wa muda mrefu vinaweza kuonekana mwilini kama kukosa usingizi, kushindwa kula, maumivu yasiyo na sababu inayoonekana, au hata kupoteza sauti. Mtu wa namna hiyo hajifanyi mgonjwa. Anaumwa kweli.

Wapo wanahistoria wanaosema kwamba siasa nazo zilichangia, kwa kuwa mlinzi wake alikuwa ameuawa na Baghdad ilikuwa imejaa hofu. Huenda yote mawili ni kweli. Mara nyingi mtu haangushwi na jambo moja.

Kuondoka Baghdad

Ghazali anaeleza kwamba alipoona ameishiwa nguvu kabisa, alimgeukia Mungu kama mtu aliyebanwa asiye na mlango mwingine. Baada ya hapo ikawa rahisi kwake kuacha cheo, mali na marafiki.

Mwezi wa Novemba mwaka 1095 aliondoka. Alitangaza kwamba anakwenda Makka, ingawa moyoni alikusudia kwenda Sham, kwa kuogopa kwamba khalifa na rafiki zake wangemzuia. Aligawa mali yake, akabakiza kiasi cha kujikimu na chakula cha watoto wake. Mdogo wake Ahmad alishika nafasi yake ya kufundisha.

Alifika Damascus na kukaa huko kwa muda. Alikuwa akipanda mnara wa msikiti mkuu, anafunga mlango na kushinda humo mchana kutwa akisali, akimtaja Mungu na kutafakari. Kisha alikwenda Jerusalem, ambako alijifungia vivyo hivyo katika Kuba la Mwamba. Alizuru Hebron, mahali panapoheshimiwa kuwa ni kaburi la Nabii Ibrahimu, halafu akaenda Hija Makka na Madina.

Hata hivyo hakuwa malaika asiye na familia. Anakiri kwamba kilio cha watoto kilimvuta kurudi nyumbani, baada ya yeye kudhani hatarudi kamwe. Huko nyumbani aliendelea na utulivu wake, lakini misukosuko ya nyakati, mahitaji ya familia na shida za kutafuta riziki vilimkatiza mara kwa mara. Utulivu kamili aliupata kwa vipindi. Ukimponyoka, alianza upya. Aliishi hivyo kwa takriban miaka 11.

Maradhi ya moyo na tiba yake

Katika miaka hiyo aliandika kitabu chake kikubwa, Ihya Ulum al-Din, maana yake kuhuisha elimu za dini. Kina sehemu 4, kila sehemu ina vitabu 10. Sehemu ya kwanza inahusu ibada, ya pili maisha ya kila siku kama kula, ndoa na kazi, ya tatu mambo yanayoangamiza moyo, na ya nne mambo yanayouokoa.

Ghazali aliutazama moyo kama tabibu anavyoutazama mwili. Hasira, husuda, kiburi, uroho wa mali na kupenda kuonekana ni maradhi, na kila moja lina chanzo, dalili na tiba. Tiba yake ya msingi ni kufanya kinyume. Mchoyo ajizoeze kutoa, na mwenye kiburi ajizoeze kazi za chini. Anamtaja mtu aliyeona ana woga, akawa anasafiri baharini wakati wa mawimbi makali mpaka woga ukamtoka. Mazoezi hayo yafanywe hatua kwa hatua na kurudiwa, kwa kuwa kitendo kinachorudiwa hugeuka kuwa tabia.

Alionya pia dhidi ya tiba moja kwa wote. Tabibu akiwapa wagonjwa wote dawa ya aina moja, atawaua wengi wao. Vivyo hivyo kiongozi wa dini akimpa kila mtu zoezi lile lile bila kujua hali yake, umri wake na nguvu zake, ataziangamiza nyoyo za watu.

Mfano wake bora ni kuhusu hofu na matumaini. Kwa Ghazali, hivi viwili ni dawa mbili. Mtu aliyeghafilika, anayedhulumu na kujiona yuko salama, anahitaji kutiwa hofu. Lakini mtu aliyekata tamaa, au anayejitesa kwa ibada kupita kiasi mpaka anajidhuru yeye na familia yake, anahitaji matumaini. Kumwongezea hofu mtu wa pili ni kumwongezea ugonjwa. Asali inamfaa mgonjwa mmoja, na kwa mwingine ni sumu.

Hapa kuna somo kwa kila anayehubiri. Mtu mwenye sonona mara nyingi tayari anajiona hana thamani na kwamba Mungu amemtupa. Akisikia tu habari za adhabu, anazama zaidi.

Ghazali alishauri pia mtu asijitibu peke yake. Alitaja njia 4 za kuzijua kasoro za nafsi: kumwendea mwalimu mwenye hekima, kuwa na rafiki mkweli, kusikiliza wanayoyasema maadui, na kuishi na watu na kujifunza kutokana na makosa yao. Kuhusu watoto, alisema waruhusiwe kucheza baada ya masomo, kwa sababu kumzuia mtoto kucheza na kumchosha kwa kusoma kila wakati kunaufisha moyo wake.

Je, kutumia dawa ni kukosa imani?

Swali hili linasikika hadi leo vijijini kwetu. Kuna mgonjwa anayeambiwa aache vidonge kwa sababu ameshaombewa. Kuna familia inayoona aibu kumpeleka ndugu yao hospitali, isije ikaonekana wamekosa imani.

Ghazali alilijibu katika kitabu chake kuhusu kumtegemea Mungu. Aligawa sababu zinazoondoa madhara katika mafungu 3. Fungu la kwanza ni zile za uhakika, kama maji kwa mwenye kiu na chakula kwa mwenye njaa. Kuziacha hizo si kutawakali, na ni haramu pale maisha yanapokuwa hatarini. Fungu la pili ni zile zenye kutarajiwa sana, na hapo ndipo alipoweka tiba za kawaida za matabibu. Kuzitumia hakupingani na kumtegemea Mungu, kwa kuwa Yeye ndiye aliyeumba ugonjwa na dawa. Fungu la tatu ni zile za kubahatisha, ambako alitia mambo kama kuchoma mwili kwa moto na kutegemea makago.

Katika sehemu nyingine aliandika kwamba utabibu ni wajibu wa jamii nzima: asipopatikana hata mmoja wa kuifanya kazi hiyo, wote wanapata dhambi. Aliviweka kilimo na ufumaji katika kundi hilo hilo la kazi ambazo jamii haiwezi kuishi bila hizo. Aliwalaumu watu wa zama zake waliojazana kusomea sheria kwa sababu ya vyeo, huku miji mingi ikikosa tabibu Mwislamu.

Kurudi kufundisha, na mwisho wa safari

Mwaka 1106 Fakhr al-Mulk, mtoto wa yule waziri aliyeuawa, alimsihi arudi kufundisha Nishapur. Ghazali alikubali, ila alisisitiza kwamba hakurudi alikokuwa. Zamani aliita watu kwenye elimu inayoleta cheo, na sasa anawaita kwenye elimu inayomfanya mtu aache kukimbilia cheo. Katika kipindi hiki aliandika kitabu kifupi cha maisha yake, ndicho kinachotupa habari za ugonjwa wake. Aliandika pia kitabu kwa Kiajemi, lugha ya watu wa kwao, ili wasiojua Kiarabu nao wafaidike.

Hatimaye alirudi Tus, akafungua madrasa na makao ya Masufi karibu na nyumba yake. Alifariki mwezi wa Desemba mwaka 1111, akiwa na miaka 53 hivi. Mdogo wake Ahmad alisimulia kwamba ilikuwa Jumatatu alfajiri. Alitawadha, akasali, akaomba sanda yake, akaibusu, akaelekea kibla na kukata roho kabla jua halijapanda.

Mafundisho yake yalifika kwetu pia. Masharifu wa Hadhramaut, ambao tangu zamani wanaiheshimu sana Ihya, walikuja nayo Lamu, Zanzibar na Komoro, na hadi leo inasomeshwa katika darsa za misikiti ya pwani.

Tunachukua nini leo?

Maisha ya Ghazali hayasemi kwamba kila mgonjwa aache kazi na kukimbilia mnarani. Wengi hawana nafasi hiyo, na yeye mwenyewe aliwaachia watoto wake akiba ya kula kabla ya kuondoka. Wala hayasemi kwamba sala inachukua nafasi ya hospitali. Yeye alikubali kuonwa na matabibu, akawasikiliza, na pale walipomwambia kwamba tatizo liko moyoni, alikuwa na ujasiri wa kuangalia huko.

Sala, ibada ya pamoja, kutafakari na kusamehe vinaweza kumpa mtu matumaini, watu wa kumshika mkono na sababu ya kuamka asubuhi. Lakini dini ikitumiwa kutisha, kulaumu au kumfunga mgonjwa minyororo, inamuumiza.

Ukiona wewe au jirani yako kwa wiki 2 au zaidi hapati usingizi, hali chakula, hataki kuonana na watu, au kazi za shamba alizozimudu zamani sasa zinamshinda, nendeni zahanati au kituo cha afya mkaeleze hivyo hivyo mlivyoona. Akisema anataka kufa, au anasikia sauti ambazo wengine hawazisikii, msisubiri kabisa, na msimwache peke yake. Kama anatumia dawa, asiziache bila kuzungumza na aliyemwandikia. Na kama wewe ni shehe, padri, mchungaji au mzee anayeaminiwa kijijini, mtu akija kwako msikilize kwanza, umwombee, kisha umsindikize hospitali.